Picha yenye ukungu: hesabu za kurusha gemu mbashara kutoka Shanwe

Kwenye skrini ya anayecheza, gemu ya mpira iko safi. Jina mgongoni mwa jezi linasomeka, nyuzi za wavu zinahesabika. Anayeifuatilia mbashara kwenye simu, mtaa wa pili tu, anaona mambo mengine: beki akipiga mpira mrefu kwenda winga na kamera ikaufuata, uwanja mzima unageuka uji wa kijani na wachezaji wanabaki vidoa vinavyokimbia. Mpira ukitoka nje na kamera ikatulia, nyasi zinarudi, majina yanarudi. Ukirushwa tena, uji uleule.

Anayeelewa kwa nini nyasi hupotea mpira ukipigwa na kurudi mpira ukisimama ameshamaliza zaidi ya nusu ya kazi. Wengi hawaanzii hapo. Wanaanzia kwenye video za mafunzo zilizotengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao nyumba zao zina faiba, na humo wanaambiwa waweke picha ya 1080, fremu 60 kwa sekunde, kilobiti 6,000, na ikishindikana wanunue kadi mpya ya picha. Ushauri huo ni wa kweli kwa aliyelengwa nao. Shanwe, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, anayetaka kurusha gemu kwa kawaida atategemea bando la simu, na hapo mambo yanabadilika. Hoja yangu ni kwamba katika mazingira hayo ukungu ni suala la kugawanya kabla halijawa suala la vifaa, na dawa ya kwanza ni kuipunguza picha yenyewe. Wengi huikataa dawa hiyo kwa sababu 720 inasikika kinyonge mbele ya 1080.

Basi tugawanye. Picha ya 1080 ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Ukirusha fremu 60 kila sekunde, unataka kusafirisha pikseli zaidi ya milioni 124 kwa sekunde. Kama mtandao wako unakuruhusu kutuma kilobiti 2,500, kila pikseli inaambulia biti 0.02. Shusha picha iwe 720 na fremu ziwe 30: pikseli zinakuwa milioni 27.6 kwa sekunde, na kwa kilobiti zilezile kila moja inapata biti 0.09. Wazoefu wa kazi hii huichukulia 0.1 kuwa mahali ambapo gemu yenye mwendo huanza kutazamika. Ukishuka tena hadi pikseli 960 kwa 540, kilobiti 1,500 zinatosha kukufikisha hapo. Ndiyo maana 540 iliyoshiba huonekana safi kuliko 1080 yenye njaa, hasa kwenye kioo cha simu cha inchi sita.

Sababu iko kwenye namna picha inavyobanwa. H.264, kiwango cha ubanaji kilichotoka mwaka 2003, bado ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya matangazo ya gemu. Hakitumi kila fremu nzima. Kinatuma fremu moja kamili, halafu kwa zinazofuata kinatuma yale yaliyobadilika tu. Ubao wa matokeo kwenye kona haubadiliki, kwa hiyo karibu haugharimu kitu. Kamera ikianza kutembea, kila jani la nyasi limehama, na enkoda, programu au kifaa kinachofanya ubanaji, inalazimika kulieleza upya ndani ya bajeti ileile. Inaigawa picha katika vipande vya pikseli 16 kwa 16 na kuanza kutupa, na cha kwanza kutupwa ni vitu vidogovidogo: nyasi, nyavu, nywele, mashabiki jukwaani. Umbo la mchezaji linabaki, undani wake unaondoka.

Rangi nazo zina kisa chao. Katika mpangilio wa kawaida wa kurusha, mwanga wa picha hutumwa kwa kila pikseli, lakini rangi hutumwa mara moja kwa kila pikseli nne. Macho ya binadamu huwa hayastuki, isipokuwa rangi ikiwa kali na mstari ukiwa mwembamba. Nyekundu ndiyo huumia zaidi. Aliyetengeneza timu yenye jezi za Simba ndani ya gemu ataziona zinavuja pembeni kuliko nyeupe, na huo si utani wa jadi. Maandishi membamba mekundu juu ya nyeusi, ambayo vijana wengi huyapenda kwa majina ya chaneli zao, ni ya kuepuka. Andika kwa nyeupe, herufi nene.

Kutokana na haya kuna mambo ya bure ya kufanya ndani ya gemu yenyewe kabla ya kugusa kitu kingine. Zima ule ukungu wa makusudi ambao gemu huuongeza kitu kikikimbia. Zima chengachenga za kuigiza filamu ya zamani, maana kila chenga ni mpya katika kila fremu na enkoda inajaribu kuzituma zote. Punguza msongamano wa nyasi na mashabiki. Katika gemu za mpira chagua kamera ya mbali isiyoyumba sana. Mchezaji anaona kama ameharibu uzuri wa gemu yake, ila mtazamaji hakuwa anauona uzuri huo.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe malalamiko, kwa sababu mtu husema "picha mbaya" akimaanisha vitu vitatu au vinne. OBS Studio, programu ya bure inayotumiwa na wengi kurushia gemu, ina dirisha la takwimu lenye mistari ya kufuatilia. Mmoja unahesabu fremu ambazo kadi ya picha haikuwahi kuzichora. Mwingine unahesabu fremu zilizorukwa kwa sababu enkoda imeelemewa. Wa tatu unahesabu zilizodondoshwa kwa sababu mtandao haukuzibeba. Zote tatu huleta kukwamakwama, si ukungu. Kama mistari yote inasoma sifuri na picha bado ina ukungu, ama biti ni chache mno kwa pikseli zilizopo, ama picha inapanuliwa na kufinywa vibaya njiani. Kuna njia panda moja: tangu 2019 OBS ina chaguo la kupunguza biti yenyewe mtandao ukisongamana, na ukiliwasha, kukwama hugeuka kuwa ukungu wa muda. Kwa mtandao wa simu ningeliwasha bila kusita. Mtazamaji huvumilia dakika ya ukungu, kile kiduara kinachozunguka havumilii.

Sasa mtandao wenyewe. Matangazo ya kampuni za simu huzungumzia kasi ya kushusha, wakati anayerusha gemu anakula kasi ya kupandisha. Hizi mbili hazilingani, na chanzo chake ni nguvu ya kutuma mawimbi. Simu ya 4G hutuma mawimbi kwa nguvu isiyozidi takriban wati 0.2, ilhali mnara hutuma kwa makumi ya wati. Simu inausikia mnara vizuri huku mnara ukiisikia simu kwa shida. Vile vistari vya mtandao juu ya kioo vinapima jinsi simu inavyousikia mnara, basi. Mtu anaweza kuwa na vistari vyote, akatazama video bila tatizo, akashindwa kurusha hata ya 480.

Nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati juu inaongeza shida, kwani bati huzuia mawimbi. Laptopu ikikaa ndani na simu ikakaa kando yake, wati hizo chache zinapungua zaidi kabla hazijatoka nje. Njia rahisi ni kuitoa simu hadi dirishani, upande ulipo mnara, na kuiunganisha na laptopu kwa waya mrefu wa USB badala ya hotspoti. Waya huo pia unaichaji. Tofauti utaiona kwenye kipimo cha kasi papo hapo, na ukitaka kujua dirisha lipi ni bora, zunguka na simu ukipima.

Kupima nako kuna namna yake. Kipimo cha kasi huonyesha kilele cha sekunde chache, kumbe tangazo la saa mbili linaishi kwenye mabonde. Pima nyakati tofauti, hasa kati ya saa moja na saa nne usiku ambapo kila mtu yuko kwenye simu, chukua namba ndogo kabisa ya kupandisha, kisha tumia kama asilimia 70 yake. Bonde likiwa megabiti 2.5, bajeti yako ni kilobiti kama 1,700 na picha yako ni 540. Likiwa megabiti 5, una kilobiti 3,500, na 720 inakaa vizuri. Biti ziwekwe kwenye kiwango kisichobadilika, fremu kamili ije kila baada ya sekunde mbili kama majukwaa yanavyotaka, na hapo mipangilio ya mtandao imeisha.

Kuna siku hakuna mpangilio utakaosaidia. Kutoka Katavi, picha inayokwenda kwenye seva za nje inavuka nchi zaidi ya kilomita elfu moja hadi pwani, kisha inaingia kwenye nyaya za baharini. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku za namna hiyo, anayebadilisha kadi ya picha anapoteza hela. VPN nayo huirefusha safari hiyohiyo na kula sehemu ya kasi, kwa hiyo kama haina kazi maalumu, izimwe wakati wa kurusha.

Tukirudi kwenye meza, kuna kosa ambalo nadhani ndilo la kawaida kuliko yote na halihusiani na mtandao hata kidogo. Laptopu nyingi za mtumba, zile Dell Latitude na HP EliteBook zinazoletwa kutoka nje, zina skrini ya pikseli 1,366 kwa 768. OBS huchukua ukubwa huo kama ulivyo, halafu mtu anaagiza irushwe 1,280 kwa 720. Uwiano wake ni kama 1.07, namba isiyogawanyika vizuri, kwa hiyo kila pikseli ya tangazo inaokotezwa kutoka vipande vya pikseli mbili tatu za skrini. Maandishi yanakuwa na mafuta hata kabla ya biti ya kwanza kutumwa. Dawa yake ni kuiendesha gemu yenyewe katika 1,280 kwa 720 na kuipa OBS turubai ya ukubwa huohuo, ili kusiwe na kufinya kokote. Pale ambapo kufinya hakuepukiki, kwa mfano kutoka 1080 kwenda 720, chagua kichujio cha Lanczos. Hugharimu kidogo na hubakiza kingo kali.

Halafu enkoda. Prosesa nyingi za Intel tangu 2011 zina sehemu ya kubana video iitwayo Quick Sync, na kadi za NVIDIA zina NVENC tangu 2012. Zote zinaiachia prosesa nafasi ya kuchezesha gemu. x264, inayobana kwa kutumia prosesa yenyewe, inaweza kutoa picha nzuri zaidi kwa biti zilezile ukiipa ngazi ya polepole, lakini laptopu yenye viini viwili haiwezi kuchezesha gemu na kubana polepole kwa pamoja. Enkoda ya NVIDIA iliboreka sana na kizazi cha Turing cha 2018. Anayekwenda kununua kadi Kariakoo ajue jambo moja: GTX 1650 ya kwanza ni ya kizazi cha Turing kwa jina, ila enkoda yake ni ya kizazi kilichotangulia. GTX 1650 Super ina ile mpya. Kwa kilobiti 2,000 tofauti hiyo inaonekana kwa macho, kwa 6,000 huenda usiione.

Umeme nao una mkono wake. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, na gridi ya Taifa ilifika kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Hata hivyo umeme hukatika popote, na laptopu ikihamia kwenye betri hujipunguzia nguvu bila kukuambia. Joto hufanya vivyo hivyo, na Oktoba ya Katavi kabla ya mvua si ya mchezo. Ukiona ule mstari wa enkoda unaanza kupanda dakika ya 40 ya tangazo wakati mwanzoni ulikuwa sifuri, gusa upande wa chini wa laptopu kabla hujailaumu kampuni ya simu.

Picha ikishatoka kwako, jukwaa nalo linaifanyia mambo yake. Twitch, kubwa kuliko yote kwa gemu, hupendekeza kilobiti 3,000 kwa 720 ya fremu 30 na 6,000 kwa 1080 ya fremu 60, lakini chaneli ndogo haina uhakika wa kutengenezewa matoleo madogo ya picha yake. Mtazamaji wa Mpanda mwenye bando la jero analazimika kumeza picha kama ilivyotoka. YouTube humtengenezea kila mtu matoleo, na mtazamaji huchagua hadi 144. Kwa hadhira inayotazama kwa simu nchini, naona YouTube inashinda bila ubishi. TikTok ina watazamaji wengi, lakini simu imesimama: gemu iliyolala ikiwekwa kwenye picha ya 720 kwa 1,280 inabaki utepe wa 720 kwa 405, chini ya theluthi moja ya kioo. Kwa gemu ya mpira huko ni kuwaonyesha watu sisimizi.

Zaidi ya hapo, ukungu unaweza kuwa wa mtazamaji. Simu yake ikiona mtandao mdogo hujishushia picha hadi 240 bila kuuliza. Mtu akiandika "broo, picha haiko klia", muulize kwanza kwenye mipangilio yake inasoma namba gani. Wewe mwenyewe jaribu kwa tangazo la faragha la dakika kumi, kisha lifungue kwa simu nyingine yenye laini nyingine.

Upo ujanja unaozungushwa sana: panua picha hadi 1440 hata kama gemu ni ya 1080, ili YouTube iibane kwa kiwango bora inachokitumia kwa picha kubwa. Kwa mwenye faiba una maana. Kwa mwenye megabiti tatu za kupandisha ni kuitawanya bajeti iliyokwisha kuwa nyembamba. AV1, kiwango kingine cha ubanaji, ina matumaini zaidi, kwani inatoa picha ileile kwa biti chache, na OBS iliweza kuituma YouTube tangu 2023. Tatizo ni kwamba kadi za kuibana zilianza kutoka 2022, zile za RTX 40, RX 7000 na Intel Arc, na bei yake haijafika kwenye meza tunayoizungumzia.

Hesabu ya bando ndiyo huamua mengi. Kilobiti 2,500 za picha pamoja na sauti hula kama GB 1.2 kwa saa. Kilobiti 6,000 hula karibu GB 2.8. Picha ya 540 kwa 1,500 hula GB 0.7. Anayerusha saa mbili, mara tatu kwa wiki, atakuwa ametumia kwa wiki nne GB 17 kwa 540, GB 28 kwa 720, na GB 66 akifuata ushauri wa wenye faiba. Bando za usiku wa manane ni nafuu na minara inakuwa tupu, ila watazamaji wa nyumbani wamelala. Saa kumi alfajiri ya Mpanda ni saa tatu usiku ya New York wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo kama una ndugu na mashabiki ughaibuni, hiyo ni saa yao ya kutazama.

Kuna swali ambalo huulizwa mara chache: je, ni lazima iwe mbashara? OBS ileile inarekodi kwenye diski bila kujali mtandao, kwa ubora wowote ambao kompyuta inaumudu. Mechi ya dakika 20 iliyorekodiwa vizuri, ikakatwa, ikapandishwa kwa bando la usiku, itakuwa na nyasi zake zote. Mbashara ina thamani pale mtazamaji anapojibu na mchezaji akamjibu, au pale matokeo hayajulikani. Mashindano ya mtaa yanastahili kurushwa. Mtu anayecheza peke yake huku watazamaji wanne wakiwa kimya angepata zaidi kwa kurekodi, na wengi wa waliokwama kwenye ukungu wako katika kundi hili la pili.

Kwa wanaohitaji mbashara kweli, nafuu kubwa haitatoka kwenye mipangilio ya OBS. Itatoka kwenye waya. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, na TTCL huuza faiba inayoletwa hadi mlangoni, lakini si lazima kila nyumba ya Shanwe isubiri waya wake. Banda moja la gemu mjini Mpanda lenye laini ya megabiti 10 za kupandisha linaweza kubeba matangazo matatu ya 720 kwa pamoja, kila moja likila chini kidogo ya megabiti 2.7, na bado zikabaki mbili za kuponea. Mwenye banda akiuza saa za kurusha kama anavyouza saa za kucheza, mchezaji anakuja na laptopu yake, au na akaunti yake tu, na simu yake inabaki mfukoni ikitazama tangazo lilivyotoka.